Vidonge viwili vya zambarau

Mara ya kwanza kuiona ithidiamu bromaidi nilikuwa zizini, Handeni, nimeshika kamba ya mtamba mwekundu aliyeitwa Zawadi. Nilikuwa na miaka 9 au 10 hivi. Zawadi alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama, machozi yanamtiririka. Mbung'o walikuwa wengi kiangazi kile, na baba alikuwa amewapeleka ng'ombe ng'ambo ya mto, karibu na msitu, baada ya mama kumkataza. Ugomvi wao naukumbuka vizuri kuliko ugonjwa wenyewe.

Bwana mifugo alikuja na baiskeli. Alitoa kwenye mkoba vidonge viwili vya zambarau, akavitumbukiza kwenye chupa ya soda, akamimina maji ya moto kutoka chupa yetu ya chai, akaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba na kutikisa. Maji yakawa mekundu ya kiza, kama juisi ya rozela iliyokolea. Kidole kilitoka kimeshika rangi. Akakipangusa kwenye suruali. Siku hiyo alichoma ng'ombe watano. Zawadi aliniburuta nusu ya zizi sindano ilipomwingia shingoni.

"Mzee, wiki haiishi hawa watakuwa wanapigana pembe," alimwambia baba.

Wanne walipona. Wa tano, jike mzee aitwaye Sikujua, alikufa baada ya majuma mawili, na mama akasema ni mto ule. Maziwa ya wale wengine tuliendelea kunywa.

Miaka 12 baadaye nilikuwa chuoni, mwaka wa pili, kwenye zoezi la kutenganisha vipande vya DNA, molekuli inayobeba urithi, ndani ya jeli. Mwalimu wa maabara alifungua kabati kwa ufunguo, akatoa kichupa kilichoviringishwa karatasi ya fedha. Alikuwa amevaa glovu mbili mbili, moja juu ya nyingine. "Hii inaingia ndani ya DNA yako," alisema. "Ikikudondokea usijipanguse. Usinawe. Niite." Akafungua kifuniko, nikaiona rangi ile.

Nilinyoosha mkono nikasema kwamba kwetu tunaikoroga kwenye chupa ya Fanta. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaniambia nisilete mzaha kwenye sumu.

Kwa hasira za kuchekwa nilikwenda maktaba, na huko nikakuta kwamba sikukosea. Dawa ile kwa upande wa mifugo huitwa homidiamu. Uwezo wake wa kuua tripanosoma, vimelea wanaosababisha nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, uliripotiwa mwaka 1952, na tangu hapo imechomwa shingoni mwa ng'ombe wasiohesabika barani Afrika, kwa kipimo cha miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Watu wa maabara waliichukua baadaye, wakaibakiza jina lake la kikemia, wakaifungia kabatini. Hofu yao ina msingi: ikichanganywa na vimeng'enya vya ini, huleta mabadiliko ya vinasaba kwenye bakteria wa majaribio. Mimi mwenyewe navaa glovu. Ila kila nikizivaa nakikumbuka kile kidole gumba.

Jioni ile ya zoezi tulizima taa zote, tukawasha taa ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, chini ya jeli. Kitu kilichokuwa kama kipande cha agari kisicho na rangi kikaonyesha mistari ya chungwa, mmoja chini ya mwingine, inawaka kama makaa yaliyopulizwa. Sikuwa nimewahi kuiona DNA. Nilikuwa nimeichora mara elfu kwenye daftari, lakini kuiona ni jambo jingine.

Nikaanza kujiuliza kwa nini inawaka pale kwenye DNA tu na si kwenye jeli nzima, maana rangi ilikuwa imeenea kote. Nimelifuatilia swali hilo kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie.

DNA ni ngazi ndefu iliyosokotwa. Vipago vyake vimepandana kwa umbali wa nanomita 0.34, na kila kipago ni jozi: adenini na thaimini, au guanini na saitosini. Molekuli ya ithidiamu ni bapa, kama kigae. Inajipenyeza katikati ya vipago viwili, inavitenganisha, na msokoto wa ngazi unalegea kwa nyuzi kama 26 pale ilipoingia. Kimelea anapotaka kunakili DNA yake anakutana na ngazi yenye vipago vya uongo. Hapo ndipo ilipo nguvu yake kama dawa.

Kwa upande wa mwanga, kila molekuli ya rangi ikipigwa na miali hupokea nishati, na elektroni zake hupanda juu. Lazima zishuke. Zikishuka kwa kutoa mwanga, tunaona rangi. Lakini molekuli ya ithidiamu ikiwa majini, maji yanayoizunguka huinyang'anya protoni kabla haijawahi kung'aa vizuri, na nishati inaishia kuwa joto. Hali yake ya kuchangamka majini hudumu chini ya nanosekunde 2. Ikishajibanza katikati ya vipago, maji hayaifikii, na inadumu zaidi ya nanosekunde 20. Mng'ao unaongezeka mara 20 au zaidi. Aliyekulia kwenye nyumba ya koroboi atanielewa haraka: ukitoka nayo nje upepo unaichezea mpaka inataka kuzima, ukiingia nayo ndani na kufunga mlango inasimama wima. Maji ndiyo upepo. DNA ndiyo nyumba.

Rangi ya mwanga unaotoka nayo ina sababu yake. Unateka maji kisimani, ndoo imejaa hadi mdomo, unaibeba kichwani, njiani yanamwagika kidogo; nyumbani unafika na pungufu. Mwanga ulioingia ulikuwa wa urujuanimno, wenye nishati kubwa. Sehemu ikamwagika kama joto, na uliotoka ni wa chungwa, wenye nishati ndogo na mawimbi marefu. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya hadubini ya mng'ao iwezekane, kwa sababu unaweza kuweka kichujio kinachouzuia mwanga unaoingia na kuupitisha ule unaorudi tu. Jicho linaona giza tupu, na ndani yake vitu vinavyowaka vyenyewe.

Mtu aliyelieleza jambo hili vizuri na kulipa jina ni George Gabriel Stokes, mwaka 1852, huko Cambridge. Alitumia nini? Maji ya kwinini. Kabla yake John Herschel alikuwa ameona, mwaka 1845, buluu ya ajabu juu ya maji hayo hayo yakipigwa na jua. Ukitaka kuliona leo huhitaji Cambridge: nenda kwenye ukumbi wa muziki wenye zile taa za zambarau zinazofanya mashati meupe yawake, agiza soda ya tonik, uishike juu ya meza. Inang'aa buluu. Kwinini iliyomo ndani yake ndiyo inayofanya hivyo.

Kwa hiyo elimu yenyewe ya mng'ao ilianzia kwenye dawa ya malaria. Nilipoligundua hilo nikaanza kuona mfululizo, na babu yangu akiwa katikati yake.

Babu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza. Alipelekwa Burma, akapita bonde la Kabaw kwenye masika ya huko mwaka 1944, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Habari za vita hakupenda kuzisimulia, isipokuwa tope, ruba, na kidonge cha njano. "Mchumba," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi na bibi akanuna kwa utani, "kila siku kidonge kimoja. Kichungu! Na afande amesimama mbele yako anakutazama ukimeza. Tukawa njano kama mapapai." Askari walinong'onezana kwamba kidonge kile kinaua nguvu za kiume. Babu alirudi Handeni akazaa watoto 11, akawa anautaja uzao huo kila kisa hicho kilipofika mwisho.

Kidonge hicho kilikuwa mepakrini, ambayo Wamarekani waliiita kwinakrini. Kilitengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1930, na thamani yake ikapanda ghafla Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, kwa sababu sehemu kubwa mno ya kwinini ya dunia ilitoka kwenye mashamba ya huko. Jenerali Slim, aliyeliongoza Jeshi la 14 huko Burma, aliagiza vikosi vipimwe damu kwa kushtukiza kuona kama askari wanameza, na makamanda watatu waliokutwa na vikosi visivyomeza walivuliwa madaraka. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumfukuza wa nne. Babu alikuwa amefariki nilipoyasoma haya. Ningependa kumwambia kwamba hata yule afande alikuwa na mtu anayemtazama.

Nilikutana na kidonge chake tena Stockholm.

Nilikwenda huko kwa miezi minne kujifunza kazi ya kromosomu, vile vifurushi vya DNA ndani ya seli, nikafika Februari, jua linachungulia na kuondoka. Maabara ilikuwa na fundi mama mtu mzima, mpole, aliyekaribia kustaafu, na siku ya pili akanitoa damu yangu mwenyewe tuifanyie kazi. Seli nyeupe za damu hazigawanyiki zikiachwa hivi hivi, na kromosomu huonekana umbo lake wakati seli inagawanyika tu. Kinachozichochea ni protini itokanayo na maharage. Niliposikia hivyo nikajisikia nyumbani. Baada ya siku tatu unaziwekea kolkisini zisimame katikati ya kugawanyika, unazitumbukiza kwenye maji yenye chumvi kidogo zivimbe, unazigandisha kwa methanoli na asidi ya siki, halafu unadondosha tone moja kutoka juu kwenye slaidi. Tone likipiga kioo seli zinapasuka na kutandaza kromosomu zake kama mtu aliyemwaga mfuko wa karanga.

Kisha akatoa kichupa cha unga wa njano. Nikasoma lebo: kwinakrini. Nilimwambia, "Babu yangu alikula hii." Akanitazama kwa muda, akasema kwa hiyo babu yako alikuwa anang'aa.

Tukaingia chumba cha giza. Akafungua taa ya zebaki, buluu ikapita kwenye vichujio, na nilipoinamia hadubini nikaziona. Vipande vidogo vya kijani cha manjano, vimelala giza, na kila kimoja kikiwa na mistari: panang'aa, pamefifia, panang'aa tena. Hakuna jozi mbili zilizofanana. Zilikuwa 46. Zilikuwa zangu. Nilitazama, nikatazama, na kadiri nilivyotazama zikawa zinafifia, mpaka giza likabaki peke yake. Nilikuwa nimesahau kupiga picha. Kila molekuli ya rangi ina idadi yake ya kuwaka kabla mwanga wenyewe, ukisaidiana na oksijeni, haujaiharibu, ukiizidisha inakufa. Fundi hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba seli ile hakuna mtu mwingine atakayeiona, akaninyooshea kidole kishikizo cha kufunga mwanga.

Mistari ile ilionwa kwanza mjini humo humo, Taasisi ya Karolinska, na Torbjörn Caspersson, Lore Zech na wenzao. Caspersson alikuwa amepima jinsi DNA inavyofyonza urujuanimno tangu miaka ya 1930. Mwaka 1968 walionyesha mistari kwenye kromosomu za mimea, baadhi yake ikiwa ya baghala, mmea wa jamii ya maharage, na mwaka 1970 wakaonyesha za binadamu. Kabla ya hapo watu walijua zipo 46, lakini kuzitofautisha ilikuwa shida: zilipangwa kwenye makundi saba kwa ukubwa na mahali pa kiuno, na ndani ya kundi moja ulikuwa unabahatisha. Ni kama kuwatambua watoto wa shule kwa kimo tu, wote wakiwa wamevaa sare.

Kuna kitu kuhusu ugunduzi huu ambacho vitabu hukipita haraka, nami ndicho nikipendacho. Rangi ya kwanza waliyotumia ilikuwa kwinakrini iliyounganishwa na kemikali ya jamii ya haradali, inayopenda kushikamana na guanini. Hoja yao ilikuwa kwamba rangi itajazana penye guanini nyingi, na hapo patawaka. Wakajaribu, mistari ikaonekana, furaha ikawa kubwa. Kumbe mambo ni kinyume. Mwaka 1972 Bernard Weisblum na mwenzake walionyesha kwamba guanini huizima kwinakrini: inaipokonya nishati yake kabla haijatoka kama mwanga. Panapong'aa ni penye adenini na thaimini nyingi. Na ile kemikali ya haradali wala haikuhitajika. Kidonge cha babu kikiwa peke yake kinafanya kazi ile ile. Watu walifika mahali sahihi kwa ramani iliyoshikwa juu chini, na sijaona mtu akilitaja hilo kwa aibu. Mimi ningelitundika ukutani katika kila maabara.

Kwa mistari hiyo mengi yalinyooka ndani ya miaka mitatu. Kwa mfano, watu waliamini kwamba kromosomu ndogo iliyokatika kwenye saratani fulani ya damu, iliyoonwa Philadelphia mwaka 1960, ni ile ile inayozidi moja kwa watoto wenye hali ya Down. Kwinakrini ikaonyesha kuwa ni mbili tofauti, 21 na 22. Kwa kuwa ile ya Down ilikuwa imeshazoeleka kuitwa 21, ikaachiwa namba yake ingawa ndiyo ndogo kuliko zote, na mpaka leo mpangilio wa namba una kosa hilo. Kisha mwaka 1973 Janet Rowley, wa Chicago, aliyekuwa akikata picha za kromosomu na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, akaonyesha kwamba kipande kilichokosekana kwenye 22 kimehamia kwenye 9. Saratani hiyo leo ina vidonge vyake, vilivyotengenezwa kwa kufuata kosa hilo moja.

Kwinakrini yenyewe haikukaa sana. Inafifia, inataka taa ghali na chumba cha giza. Maabara nyingi zikahamia kwenye rangi ya Giemsa, isiyong'aa lakini inaonyesha karibu mistari ile ile kwenye hadubini ya kawaida. Naye Gustav Giemsa aliitengeneza rangi yake Hamburg, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya kuwaona vimelea wa malaria. Kila zahanati unayoijua ina chupa yake, na meza yenye madoa yake. Nikasema moyoni, hapa tena!

Lakini mwanga haukuondoka, ulibadilisha rangi tu. Leo ukiona picha ya seli yenye kiini cha buluu, iwe ya saratani, ya ubongo au ya kitunguu, hiyo buluu mara nyingi ni DAPI. Nadhani ni rangi iliyopigwa picha kuliko zote kwenye biolojia. Ilitengenezwa mwaka 1971 kwenye maabara ya Otto Dann, Ujerumani, katika kutafuta dawa ya tripanosoma. Dawa ya malale, kwa maneno mengine. Ni ndugu wa diminazeni, ule unga wa njano ambao wafugaji wetu wanauita Berenil hata kama pakiti imeandikwa jina lingine.

DAPI haijipenyezi kati ya vipago kama ithidiamu. Ngazi ya DNA iliyosokotwa ina mitaro miwili ubavuni, mmoja mpana na mmoja mwembamba, na DAPI ina umbo la mundu uliojipinda kidogo, unaolala vizuri ndani ya mtaro mwembamba. Inalala pale penye adenini na thaimini, kwa kuwa guanini ina kikundi cha amino kinachochomoza ndani ya mtaro na kumsumbua anayetaka kulala. Inapokea miali ya nanomita 358 na kuirudisha ikiwa nanomita 461, buluu, na ikiwa kitandani mwake inang'aa mara 20 kuliko ikiwa majini. Tena koroboi na nyumba. Kama dawa haikufika popote.

Sasa mtazame tripanosoma aliyetiwa DAPI. Ni mdudu mwembamba kama samaki mkunga, na ndani yake zinawaka taa mbili. Kubwa ni kiini. Ndogo, karibu na mzizi wa mkia, inaitwa kinetoplasti, na hapo kuna DNA ya namna ambayo sijaiona kwa kiumbe mwingine: maelfu ya vijipete vya DNA vilivyopitishana, kila kimoja kimeshikwa na wenzake, kama joho la vita la minyororo. Vijipete hivyo vimejaa adenini na thaimini. Diminazeni inajilaza humo. Homidiamu inajichomeka humo. Kitu kinachomfanya kimelea huyu ang'ae vizuri ndicho kinachomfanya auawe vizuri, na watu waliokuwa wakitafuta dawa ya kumwua walijikuta wanawapa wenzao taa. Kuna hata dawa iliyotokana na ndoa ya hizi mbili, isometamidiamu, molekuli ya homidiamu iliyoungwa kipande cha diminazeni; wafugaji wa Tanga wanaijua kwa jina la Samorin. Nayo inang'aa, na watafiti wameutumia mng'ao wake kuitazama ikiingia kwenye kinetoplasti ya kimelea aliye hai.

Huwa naulizwa, nikisimulia haya, kama nalalamika: magonjwa yetu, ng'ombe wetu, babu zetu, halafu tuzo na majina ni vya Ulaya. Wakati mwingine nalalamika. Ila kuna kisa kimoja ambacho kinanizuia kulifunga jambo hili kirahisi hivyo.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya, kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt alianza kuwatafuta wengine wa namna hiyo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walinunua gari kuukuu aina ya Ford na kuendesha kwa wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa bara, wakisimama kwenye hospitali za misheni na za serikali kuonyesha picha na kuuliza: wa hivi mnao? Uvimbe ule, ambao ni saratani, ulikuwa unakaa penye joto, mvua na mabonde. Ukiitandaza ramani yake juu ya ramani ya malaria zinakaribia kulingana. Mwaka 1964, London, virusi vikaonekana ndani ya seli zake, vile vya Epstein na Barr. Leo tunajua kwamba virusi hivyo na malaria ya mara kwa mara vinasaidiana.

Vipande vya uvimbe wa watoto vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi mpaka Stockholm, kwenye maabara ya George Klein. Huko, mwaka 1972, wanasayansi wawili wa Kibulgaria, Manolov na Manolova, walizitia kromosomu kwinakrini, na kwenye ncha ya kromosomu moja ya 14 wakaona mstari wa ziada unaong'aa. Mwaka 1976 Lore Zech, yule yule, akaonyesha na wenzake kwamba mstari huo umetoka kwenye kromosomu ya 8. Mwaka 1982 ikajulikana kilichohama: jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike. Mahali pake pa asili ina mlinzi. Ilipohamia 14 ikapanga chumba cha pili kutoka kwenye jeni ya kingamwili, ambayo kwenye seli nyeupe za damu za aina B haizimwi. Malaria huzifanya seli hizo zifanye kazi bila kupumzika, na katika kutengeneza kingamwili hukata na kuunga DNA yao wenyewe. Huko kwenye kukata na kuunga ndiko kipande kinakopotea njia.

Nilipoiona picha ya makala ile ya 1972, ya rangi nyeusi na nyeupe, mstari wenyewe mdogo kama ukucha, nilikaa nayo muda mrefu. Kidonge alichomeza babu ili malaria isimwue Burma ndicho kilichoangaza mahali ambapo kromosomu ya mtoto wa Afrika Mashariki ilivunjika, kwenye saratani inayofuata njia za malaria. Sijui majina ya watoto wale. Kwenye makala wana namba.

Mwaka juzi nilikuwa nyumbani Handeni. Baba sasa macho yamepungua lakini simu anaitazama. Nilimwonyesha picha ya tripanosoma mwenye taa zake mbili za buluu. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Huyu ndiye aliyemwua Sikujua?"

"Ndugu yake, ndiyo."

"Na hivi vidoa, mama?" Ananiita mama, nimerithi jina la mama yake.

Nikamweleza. Kikubwa ni kiini. Kile kidogo ndicho ile dawa ya zambarau ilikuwa inakipiga. Nikamwambia jina lake, nikamwambia kwamba kidonge kimoja kilikuwa cha miligramu 250, na kipimo ni miligramu 1 kwa kilo, kwa hiyo kidonge kimoja kinamtosha ng'ombe mmoja wa kilo 250.

Baba alinyamaza. Niliona midomo yake inatembea, anahesabu.

"Alitumbukiza viwili," alisema. "Kwa ng'ombe watano."

"Viwili. Nilikuwepo."

"Na mimi nilimlipa vitano." Akaweka simu juu ya meza, taratibu. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mama watoto! Unasikia? Haikuwa mto! Miaka yote hii, haikuwa mto!"

Mama hakuja. Tulisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa, halafu sauti yake:

"Na mbung'o walitoka wapi?"